Dakika Kumi na Tisa

Kwenye simu yangu kuna vitu viwili ambavyo sijaweza kuvifuta. Cha kwanza ni picha ya skrini: orodha ndefu ya majukumu, kila mstari umewekwa alama ya kukamilika, na pale juu saa inasomeka 18:41. Cha pili ni kumbukumbu ya mazungumzo ya simu. Jina: Baba. Kuanza: 18:22. Muda: dakika 27. Vyote viwili ni vya jioni moja, Alhamisi moja ya mwisho wa Agosti 2025.

Mimi ni mwanahabari, na mwaka huu natimiza miaka kumi na moja kazini. Tunafundishwa kupanga ushahidi kwa saa: nani alikuwa wapi, lini, akifanya nini. Basi nimepanga. Toka simu ilipoanza hadi nilipopiga ile picha ni dakika kumi na tisa. Ndani ya dakika hizo baba yangu aliniambia jambo, nami nikamjibu, "Eee, sawa Baba, inshallah." Alichoniambia sikukisikia.

Nianze na mchezo wenyewe, maana bila mchezo kisa hakieleweki.

Unaitwa Umamusume: Pretty Derby. Ni wa Kijapani, wa kampuni ya Cygames. Kule kwao ulitoka kwenye simu Februari 2021, na toleo la Kiingereza likatufikia sisi wengine Juni 2025. Wahusika wake ni wasichana wenye masikio na mikia ya farasi, na kila mmoja amepewa jina na historia ya farasi wa kweli aliyewahi kukimbia Japani. Wewe ni mkufunzi wao. Najua inavyosikika. Mhariri wangu aliponikuta nao mezani alinitazama jinsi mtu anavyomtazama jirani aliyeanza kufuga nyoka.

Nilijiambia naingia kwa ajili ya uhakiki. Nilitaka kuandika makala kuhusu namna mchezo unavyosimulia hadithi, na hapo kwa kweli kuna mengi. Mchukue Silence Suzuka. Farasi wa kweli mwenye jina hilo alikuwa anatangulia tangu mwanzo wa mbio na kuwaacha wenzake mbali mno. Tarehe 1 Novemba 1998, kwenye mbio za Tenno Sho za vuli mjini Tokyo, alikuwa ameshawaacha hivyo hivyo mguu wake wa mbele ulipovunjika. Hakupona, ilibidi auawe. Wajapani waliokuwa hai siku ile bado wanaizungumzia. Kwenye mchezo, Suzuka wako anazifikia mbio zile zile, umbali ule ule wa mita 2000, na ukimwandaa vizuri anauvuka mstari na maisha yanaendelea. Mara ya kwanza nilipomvusha niliweka simu chini nikakaa kimya. Waandishi wangapi wamewahi kutamani kuifungua tena sura iliyokwisha kuchapwa?

Ila makala hayo sikuyaandika. Nilichoishia kufanya ni majukumu.

*

Kwa wasioyajua haya mambo: mchezo wa aina hii hauna mwisho, kwa hivyo wenye mchezo hukuwekea miisho midogo midogo. Kila baada ya muda linafunguliwa tukio maalumu, lenye hadithi yake na orodha yake ya kazi. Maliza mafunzo mara kadhaa. Shinda mbio kadhaa za mchanga. Kusanya mashabiki idadi fulani. Fanya mazoezi ya stamina mara nyingi. Ukikamilisha, unapewa kadi, vito na vinginevyo. Siku ikifika, mlango unafungwa, na ambacho hukukichukua kimepotea.

Nami, wapenzi wasomaji, nilikuwa hodari. Nawapa siri zangu hapa, maana sitaki mdhani nasimulia kisa cha mtu aliyekuwa anabofya ovyo.

Jambo la kwanza ni kusoma orodha yote kabla hujagusa kitu. Wengi wanaanza jukumu la juu, wakimaliza wanashuka la pili. Hiyo ni hasara. Majukumu yanapandana kama viraka. Ukimchagua farasi wa mchanga wa masafa mafupi, mbio anazoshinda zinahesabiwa kwenye jukumu la ushindi, kwenye jukumu la mchanga, kwenye jukumu la mashabiki, na mafunzo yakiisha yanahesabiwa kwenye jukumu la mafunzo. Safari moja, mizigo minne.

La pili ni hesabu ya nguvu. Kila mafunzo yanakula pointi 30. Pointi moja inarudi kila dakika 10, na chombo kikifika 100 kinaacha kujaa. Kwa hivyo pointi 30 ni saa tano. Siku nzima inakupa pointi 144, yaani mafunzo manne na chenji. Ukilala saa nane unaingiza 48. Basi kabla hujalala hakikisha umebaki na 52 au chini, la sivyo kuna pointi zinamwagika nawe unakoroma. Za mashindano ya timu ni tano tu, na moja inarudi kila saa mbili, kwa hivyo hizo haziwezi kungoja usiku kucha.

La tatu, azima. Unaruhusiwa kuazima kadi moja ya msaada kutoka kwa mchezaji mwingine. Wakati wa tukio, usiazime iliyo nzuri tu. Azima yenye nyongeza ya pointi za tukio. La nne, zawadi nyingine hazijileti zenyewe, lazima ubofye kuzipokea. Nimeona watu wamemaliza kila kitu wakasahau kupokea.

La tano ndilo gumu. Mafunzo yamegawanywa zamu, mbili kwa kila mwezi, miaka mitatu: zamu 72, kisha fainali. Kila zamu unachagua: mazoezi, mbio, matembezi, au kupumzika. Mgeni hapumzishi, anaona kupumzisha ni kupoteza zamu. Lakini kadiri farasi anavyochoka ndivyo asilimia ya kufeli inavyopanda, na mazoezi yakifeli anaweza kuumia au kuvunjika moyo, ukapoteza zamu tatu kwa kung'ang'ania moja. Nilijifunza kumpumzisha mapema. Nilikuwa najua uchovu wa kila msichana kwenye timu yangu kwa asilimia.

Sikulipa hata shilingi moja ya vito. Nililijivunia hilo sana. Nilikuwa nawaambia watu, "Mimi huu mchezo haunigharimu kitu ila bando."

*

Hebu niseme pia kwa nini ulinishika, nisije nikauonea mchezo.

Pale kazini mwaka jana tulikuwa kumi na wanne kwenye dawati letu. Sasa tuko sita. Waliobaki wanafanya ya walioondoka, na kazi ya habari, siku hizi, haina mahali unapoweza kuweka alama ya vema. Unaandika uchunguzi wa miezi miwili, unachapwa Jumapili, Jumatatu hakuna aliyejiuzulu, Jumanne kuna jambo jingine. Unatuma makala, inarudi, unatuma, inarudi. Hulijui jukumu lililokamilika linafananaje.

Halafu unafungua simu ndani ya matatu, foleni ya Ngong Road haisogei, na kuna kitu kinakwambia waziwazi: fanya hivi mara tano, utapewa hiki. Ukafanya mara tano. Ukapewa hicho. Yaani, nani asingependa? Pale pale Ngong Road, kwa miaka kumi na moja, nimekuwa nikipita karibu na uwanja wa mbio za farasi wa kweli na sijawahi kuingia hata siku moja.

Na siku ya mchezo huu, kwa saa za huku kwetu, inageuka saa kumi na mbili jioni. Hapo ndipo majukumu ya kila siku yanapofunguliwa upya. Mara ya kwanza nilipoligundua nilicheka peke yangu, maana kwetu Lamu siku pia inageuka hapo. Jua likizama Alhamisi, kwetu tayari ni usiku wa Ijumaa. Nikaona kumbe Wajapani hawa tunaelewana.

Saa hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa nikimpigia baba.

*

Baba anaswali Magharibi, anakunywa chai, anakaa barazani kungoja Isha. Katikati hapo ndipo simu yangu inaingia. Tulianza mazoea hayo mama alipofariki, na yakakaza zaidi baba alipopata kiharusi miaka miwili iliyopita. Kilimwachia ulimi mzito kidogo na mkono wa kushoto usio na uhakika. Anaishi na mdogo wetu wa mwisho, kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye mchana kutwa yuko baharini. Dada yetu mkubwa yuko Mombasa. Mimi niko Nairobi na ndiye mwenye mshahara, kwa hivyo mambo ya dawa, nauli na dharura yanapita kwangu.

Baba alikuwa mtu wa punda. Miaka thelathini na kitu alibeba mchanga, mawe na saruji kutoka ufukweni hadi ndani ya mitaa, punda wanne, watano, shogi mgongoni, kwenye vichochoro ambavyo hakuna gari litakalowahi kupita. Ujanani alishindana mbio za punda za Maulidi. Mimi nilimwahi akiwa ameshaacha, lakini watu wa rika lake bado wanamtania.

Na anazungumza polepole. Alikuwa hivyo hata kabla ya kiharusi, sasa imezidi. Anaanza na bei ya samaki, anapita kwa jirani aliyegombana na fundi, anasimama, anavuta pumzi, anauliza hali ya hewa ya Nairobi ambayo aliiuliza jana. Lile lililomfanya angoje simu huja mwisho, na huja kwa sauti ile ile ya bei ya samaki.

Sijui ni siku gani hasa nilipoanza kucheza tukiwa tunaongea. Nadhani ilianza kwa kungoja: sentensi imesimama, nimeshika simu, naweka sauti kwenye spika, nabofya zawadi za siku. Dakika moja tu. Halafu nikagundua kwamba mafunzo kamili, ukiruka mazungumzo ya wahusika na kuzikimbiza mbio, yanachukua kama dakika ishirini na tano, na baba ananichukua kama dakika ishirini na tano. Vilitoshana kabisa. Kwenye akili yangu, na hili naliandika kwa aibu, nilijipongeza. Safari moja, mizigo miwili.

Nikawa na majibu yangu. "Eee." "Kweli?" "Alhamdulillahi." "Sawa Baba, inshallah." Ukiyazungusha vizuri yanatosha karibu mazungumzo yote ya mzee wa Kiislamu na mwanawe. Mara moja moja alikuwa akiuliza, "Uko, mama?" Nikijibu, "Niko, Baba."

Alhamisi ile ilikuwa jioni ya mwisho ya tukio. Mlango ulikuwa unafungwa saa saba usiku kwa saa zetu, nami nilikuwa nimebakiza jukumu moja: ushindi mmoja wa mchanga. Nilimpata saa 18:41. Nikapiga picha ya skrini nikaituma kwa kundi letu la wachezaji. Watu wakanipongeza.

*

Jumanne iliyofuata dada alinipigia niko kwenye kikao. Nikakata. Akapiga tena. Nikatoka nje.

"Nauli ya Baba umeituma kwa nani?" akaniuliza.

"Nauli ipi?"

Kimya. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani: "Baba anasema alikwambia Alhamisi. Mkono umeanza tena kufa ganzi. Akaenda kwa daktari, daktari akamwandikia aje Mombasa apimwe mishipa ya shingo, haraka. Anasema alikwambia, na wewe ukasema sawa, inshallah. Anangoja. Mkoba ameshaufunga toka Ijumaa."

Siku tano. Alikaa siku tano na mkoba uliofungwa, kwa sababu mwanawe, mwanahabari, alisema sawa. Hakuniuliza tena, ingawa niliendelea kumpigia kila jioni ya siku hizo tano. Baba hakumbushi. Ukishakubali, kwake umekubali. Kukukumbusha ni kukwambia hakuamini.

Nilimuuliza baadaye yule mdogo wetu mbona hukuniambia. Akasema, "Si alisema umeshajua?"

Nauli niliituma kwa M-Pesa nikiwa bado nimesimama koridoni. Ilichukua kama sekunde ishirini. Jumatano asubuhi walivuka hadi Mokowe, wakapanda basi, na jioni baba alikuwa Mombasa.

Walimpima. Mshipa mmoja wa shingo ulikuwa umebana. Dawa zikabadilishwa, nyingine zikaongezwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia dada kwamba dalili kama ile, mgonjwa anapaswa kuletwa siku ile ile. Dada akauliza kama siku hizo zimemdhuru. Daktari akasema hawezi kujua. Mkono wa kushoto wa baba hivi sasa hauwezi kufunga kifungo cha kanzu. Mwezi wa saba ulikuwa unaweza. Huenda ungepungua hata angefika Alhamisi usiku kwa ndege. Hilo hakuna mtu atakayeniambia, nami nimeacha kuuliza kwa sababu niligundua kwamba kila ninapouliza naomba kusamehewa na mtu asiyehusika.

*

Nilishuka Mombasa kwa treni mwisho wa wiki, nikaomba siku za likizo, nikakaa. Baba alilala chumba cha watoto wa dada, akitazama dari iliyobandikwa nyota za karatasi. Sikumwambia siku ya kwanza. Wala ya pili.

Zilipotoka habari kwamba Haru Urara amekufa, tarehe 9 Septemba, nilikuwa nimekaa kitini karibu na kitanda chake. Kundi la wachezaji lilijaa vilio. Nikashangaa na mimi machozi yananitoka, na baba akaniona.

"Nani?" akauliza, kwa hofu. Kwa umri wake simu ikiliza mtu jibu ni jina.

"Farasi, Baba."

Hapo ilibidi nieleze. Nikamweleza kwamba kulikuwa na farasi jike Japani, alizaliwa 1996, alikuwa mdogo wa umbo, akikimbia kwenye uwanja wa mji wa Kochi ambao nao ulikuwa hoi kwa madeni. Alikimbia akashindwa. Akakimbia tena akashindwa. Magazeti yakaanza kumwandika, watu wakaanza kuja, na kadiri alivyoshindwa ndivyo walivyompenda. Machi 2004 wakamleta mpanda farasi mashuhuri kuliko wote nchini, Yutaka Take, ampande mara moja. Walijaa watu kama 13,000. Farasi wakiwa kumi na mmoja, yeye akamaliza wa kumi. Watu walikuwa wakinunua tiketi zake wakijua zitapotea, wakaziweka kwenye magari kama hirizi, kwa sababu kwa lugha yao neno la tiketi kupatia na neno la mtu kugongwa ni moja: tiketi isiyopatia, basi nawe hugongwi.

Hapo baba alicheka. Watu wa Lamu wanaelewa hirizi.

"Mbio ngapi?" akauliza.

"Mia moja na kumi na tatu. Hakushinda hata moja."

"Hata moya?"

"Hata moja."

Akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno la huruma, lile wanalolisema wote, kwamba aliyejaribu hakushindwa. Hata kwenye mchezo Haru Urara amewekewa mwisho wa namna hiyo: wanampeleka Arima Kinen, mbio za nyasi za mita 2500, yeye ambaye ni wa mchanga na masafa mafupi, na wachezaji dunia nzima wametumia usiku mwingi kutafuta hila ya kumfanya azishinde. Mimi pia nilijaribu. Mara sita.

Baba akauliza, "Miguu yake?"

"Miguu yake nini?"

"Alipoacha. Ilikuwa mizima?"

Nikaangalia. Mbio yake ya mwisho ilikuwa 2004. Amekufa 2025, kwa ugonjwa wa tumbo, akiwa na miaka 29. Miaka ishirini na moja ya malisho.

"Ilikuwa mizima, Baba."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayethamini kazi ya fundi mwenzake. "Mbio mia na kumi na tatu, na miguu mizima," akasema. "Basi alikuwa na mtu akimtazama. Hayawani hasemi, mama. Ukitaka kuyua ana nini ni umtazame. Asubuhi umtazame, yioni umtazame. Punda wangu mmoja alikufa kwa sababu siku mbili nilikuwa na hamu ya kumaliza kazi ya mtu."

Hajawahi kunisimulia habari ya punda huyo. Au labda alinisimulia, Julai au Agosti, kati ya bei ya samaki na hali ya hewa ya Nairobi. Siwezi kujua. Hiyo ndiyo sehemu inayonikosesha usingizi kuliko mkono: sijui nimepewa nini kwenye jioni zile zote nikaitikia "kweli?"

Nikamwambia hapo hapo. Nikamwonyesha ile picha, nikamwonyesha na kumbukumbu ya simu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akiisogeza mbali na macho.

"Hii ndiyo uliyokuwa ukifanya?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukashinda?"

"Nikashinda."

"Alhamdulillahi," akasema. Nami mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe, ananitania, au ananirudishia jibu langu mwenyewe.

*

Sitawaambia kwamba nimeufuta mchezo. Sijaufuta. Ningependa kumalizia hapo, lakini ningekuwa nadanganya. Bado naamini kwamba mtu aliyebuni ile zamu ya Suzuka anajua jambo kuhusu majuto ambalo riwaya nyingi zinalikosa, na makala niliyoahidi kuyaandika ipo siku nitayaandika. Na zile siri tano ni za kweli, zitumieni.

Ila nimeongeza ya sita, ambayo haitawasaidia kupata kadi yoyote. Kabla ya kupandanisha mizigo miwili safari moja, angalia kama mmoja wao ni mtu. Ukimpandanisha mtu na kazi, kazi ndiyo inayofika.

Baba amerudi Lamu. Alitaka kuwahi Maulidi na aliwahi, akabebewa kiti hadi ufukweni kutazama vijana na punda wao. Jioni ile nilipiga kama kawaida. Siku hizi nacheza kwenye matatu na usiku. Tukio lililofuata lilinipita na majukumu manne, likafungwa. Saa kumi na mbili na robo simu inakuwa sikioni, si mkononi, maana nimegundua kwamba kuiweka sikioni ni njia nyepesi ya kutoiona.

Alianza na bei ya samaki. Changu wamepanda. Kisha jirani na fundi wake, ambao kumbe ugomvi wao ulikuwa wa mlango, na mlango wenyewe una kisa tangu enzi za babu wa huyo jirani; kisa kizuri sana, nitawasimulia siku nyingine. Kisha akasimama. Nilisikia upepo, na mtu akipita na kumtolea salamu, na kikombe kikiwekwa.

"Uko, mama?"

"Niko, Baba."

"Punda aliyeshinda yeo," akasema, "mguu wa nyuma haukai sawa. Nimemwambia mwenyewe asimtie kazini kesho."

"Amekubali?"

"Amesema sawa, inshallah."

Tukanyamaza wote wawili. Halafu akasema kwamba kesho asubuhi atamtuma mdogo wetu akamwangalie.